Nyumba ya mawe Kiamunyi, nyumba ya paneli Rabuor

Nimejenga nyumba mbili. Ya kwanza niliijenga Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, kwa mawe ya kukatwa kwa mashine, na ilinichukua miaka mitano tangu siku ya kuchimba msingi hadi siku tuliyohamia. Ya pili tuliijenga mimi na mume wangu huku Rabuor, kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Ahero, kwa paneli zilizoletwa kutoka kiwandani, na kuta zake zilisimama kwa siku sita. Tangu tuanze kuishi hapa, walimu wenzangu, wanachama wa SACCO yetu na hata wapita njia husimama langoni na kuniuliza ipi kati ya hizo mbili ni bora. Kila nilipojibu kwa sentensi moja nilihisi nimempotosha aliyeuliza, na ndiyo maana nimeona afadhali nieleze kwa kirefu.

Nianze na Kiamunyi, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kwamba nyumba hufuata mwendo wa fedha za mwenye nyumba. Mshahara wa mwalimu haujengi nyumba kwa mkupuo mmoja. SACCO yangu ilikuwa ikinikopesha mara tatu ya akiba yangu, nami nilikuwa nikilipa mkopo mmoja, nikipumzika kidogo, kisha nikitafuta wadhamini wa mkopo mwingine. Mkopo wa kwanza ulimalizika kwenye ua na msingi. Wa pili ulipandisha kuta hadi usawa wa madirisha. Baada ya hapo baba yangu aliugua, mtoto wetu wa kwanza akaingia sekondari, na ujenzi ukasimama kwa mwaka mmoja na nusu. Kuta zile zilinyeshewa, magugu yakaota ndani ya chumba ambacho leo ni sebule, na vyuma vilivyokuwa vimeachwa vimechomoza juu vikashika kutu, lakini hakuna kilichoharibika kiasi cha kurudishwa nyuma. Tulipopata fedha tulikwangua kutu, tukaosha mawe ya juu, tukaendelea pale pale tulipoachia. Nyumba ya mawe ilikubali kunisubiri, na kwa mtu wa kipato changu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko sifa nyingine yoyote ya jiwe.

Ilikubali pia kubadilishwa. Katikati ya ujenzi tuliamua kusogeza dirisha la jikoni ili litazame uani, na tukaongeza stoo ambayo haikuwa kwenye mchoro. Fundi aling'oa mawe machache, akayapanga upya, na siku mbili baadaye ungedhani stoo ile ilikuwapo tangu mwanzo. Ukarimu huo una upande wake mbaya, nao ni kwamba hakuna kinacholazimisha uamue mapema. Niliahirisha kufikiria mabomba na nyaya hadi kuta zilipokwisha, kisha nikawalipa watu kuchimbua mifereji kwenye mawe yale yale niliyokuwa nimelipa watu wengine kuyapanga.

Kuhusu mawe yenyewe, nina kosa moja ambalo bado linanisikitisha. Kwetu mawe ya ujenzi huuzwa kwa futi, na bei ya futi haikwambii chochote kuhusu kilichomo ndani ya jiwe. Lori la pili lilifika jioni, giza likiwa limeanza kuingia, na fundi wangu, mzee mmoja mpole aliyekuwa ameanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, aliokota jiwe moja na kuligonga kwa nyundo. Aliniambia, “Mama, jiwe zuri hulia. Hili limenyamaza.” Yalikuwa mawe ya tabaka la juu la timbo, laini, ambayo ukiyalowesha kona yake hukwanguka kwa ukucha. Niliona aibu kumrudisha dereva aliyekwisha kushusha nusu ya mzigo, nikayapokea. Mawe hayo yaliingia kwenye ukuta wa magharibi, upande unaopigwa na mvua, na hadi leo ukuta huo hufanya madoa ya unyevu kila msimu wa masika, ingawa tumeupiga plasta mara mbili. Ningekuwa na ujasiri wa dakika tano tu jioni ile, nisingekuwa nikipaka rangi ukuta huo kila baada ya miaka miwili.

Tulipohamia Kisumu, nia yetu ilikuwa kujenga kwa mawe tena, kwa sababu ndicho tulichokijua. Mambo matatu yalitufanya tufikiri upya, na la kwanza lilikuwa joto. Nakuru iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,850, Kisumu kwa takriban mita 1,130, na tofauti hiyo unaihisi kwenye ngozi kabla ya kuisoma popote. Tulipanga nyumba ya matofali Migosi, mtaa wa Kisumu, kwa muda, na kila usiku tulikuwa tukilala karibu na kuta zilizokuwa zimekunywa jua mchana kutwa na sasa zinalitoa polepole wakati ambapo mtu anatafuta usingizi. Jiwe na tofali nene hufanya hivyo kwa maumbile yake. Kiamunyi, katika baridi ya Julai, joto hilo la jioni tulilishukuru. Kisumu lilitunyima usingizi.

La pili lilikuwa umbali. Tambarare ya Kano, ambako Rabuor ipo, ina mchanga wa mito na ina wachoma matofali, lakini haina mawe ya kukatwa. Kila lori lingetoka mbali, na kwa mzigo mzito kama huo usafiri unaweza kukugharimu kama unavyokugharimu mzigo wenyewe. Matofali ya kuchoma yangekuwa karibu, ila nimeona vilima vingi vya magharibi vikibaki uchi kwa sababu ya kuni za tanuri, na sikutaka nyumba yangu iongeze kisiki hata kimoja.

La tatu lilikuwa udongo, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa maana ndilo jambo ambalo nisingelijua lingetumaliza.

Kiwanja chetu kina ule udongo mweusi wa Kano. Mwezi wa Februari huwa umekauka na kupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Mwezi wa Aprili, baada ya mvua, nyufa zote huwa zimejifunga, udongo umevimba na unanasa kiatu kiasi cha kukivua mguuni. Udongo huo hunywa maji na kutanuka, kisha huyapoteza na kusinyaa, na chochote kilichosimama juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Jirani yetu, mzee mstaafu, alikuwa amejenga nyumba nzuri ya mawe kwa msingi wa kina kilekile tulichotumia Kiamunyi. Alitutembeza ndani bila kuficha kitu. Kwenye kila kona ya dirisha kulikuwa na ufa uliopanda kimshazari hadi karibu na paa, mingine ikitosha kuingiza sarafu, na mlango wa chumba cha kulala ulikuwa ukifunga wakati wa kiangazi tu.

Nilitoka pale nikiamini kwamba nimepata jibu. Nilikuwa nimesoma matangazo ya paneli yakisema kwamba nyumba hizo ni nyepesi na kwa hiyo hazihitaji msingi mkubwa, nami nikahitimisha kwamba udongo mbaya unataka nyumba nyepesi. Mhandisi tuliyemwajiri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisahihisha kwa upole. “Mwalimu,” alisema, “udongo laini unaodidimia, sawa, huo unaupunguzia mzigo. Lakini huu wako hausukumwi chini tu, unasukuma juu. Nyumba nyepesi ndiyo unayoiinua kwa urahisi zaidi.” Sentensi hiyo ilibadilisha mpango wetu wote. Ukuta wa mawe wa inchi tisa hulemea ardhi zaidi ya mara mbili ya ukuta wa paneli uliokamilika, na ingawa huo wa mawe hupasuka upesi unapopindwa, uzito wake angalau unabishana na udongo. Ukuta mwepesi ukijengwa juu ya msingi wa mzaha hauna cha kubishana nacho.

Alituagiza tuchimbe shimo kabla ya kuchora chochote. Tulichimba mawili, moja kila mwisho wa kiwanja. Udongo mweusi uliishia mita moja na nusu upande wa barabara na karibu mita mbili upande wa pili, na chini yake kulikuwa na tabaka gumu la rangi ya kahawia. Tukauondoa udongo mweusi wote mahali pa nyumba na mita moja zaidi kila upande, tukajaza moramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine kabla ya kuletewa jingine. Juu yake tukamwaga slabu moja nzito yenye vyuma chini na juu, ambayo nyumba nzima ingekaa kama chombo kinavyokaa juu ya sinia, ili ardhi ikisogea, nyumba isogee kwa pamoja badala ya kila kona kwenda njia yake. Sakafu tuliiinua kuliko majirani, kwa kuwa hatukusahau mafuriko ya 2020 yalivyowafanya watu wa Kano. Kazi hiyo ya chini ilimeza theluthi ya fedha zetu zote, na haionekani kwa mgeni yeyote anayeisifu nyumba. Nasema kwa uhakika kwamba ingetulazimu kuifanya hata kama tungejenga kwa mawe. Jirani yetu hakukosea kwa kuchagua jiwe, alikosea kwa kuliweka juu ya msingi wa Nakuru.

Baada ya hapo ndipo paneli zikaja. Kwa wasiozifahamu, paneli ni kipande kirefu cha povu jeupe la polistirini, lile lile linalozungushiwa televisheni mpya katoni, likiwa limebanwa katikati ya nyavu mbili za chuma zilizounganishwa kwa nyaya zinazopenya povu. Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda chake cha paneli hizo Mavoko. Sisi tulinunua kwa muuzaji mwingine. Paneli husimamishwa juu ya msingi, zikafungwa kwenye vyuma vinavyochomoza, kisha hupigwa zege laini pande zote mbili, kama sentimita tatu na nusu kila upande, na zege hilo pamoja na nyavu ndilo linalobeba nyumba. Povu kazi yake ni kuzuia joto na kushikilia nafasi.

Ugumu wa kwanza haukuwa wa ujenzi bali wa uamuzi. Muuzaji alitaka mchoro wa mwisho kabisa: kila dirisha, kila mlango, kila swichi, bomba la bafu, mahali pa kabati za jikoni. Alitaka pia malipo kamili kabla paneli hazijakatwa. Yale mapumziko ya mwaka mmoja na nusu tuliyoyachukua Kiamunyi hayakuwezekana hapa, kwa kuwa povu lililoachwa uchi juani hugeuka manjano na kuanza kupukutika, na nyavu hushika kutu, achilia mbali upepo. Kwa hiyo tuliuza kiwanja kingine kidogo, tukaunganisha mikopo yetu wawili, na hatukuagiza hata paneli moja hadi fedha za kuta, za zege na za paa zilipokuwa mkononi. Namshauri kila anayeniuliza ajipime hapo kwanza. Mtu anayejenga kwa kudunduliza, mkopo baada ya mkopo, mavuno baada ya mavuno, atakuwa amefungwa na paneli, na nimeona mifupa myeupe ya nyumba za namna hiyo ikiozea shambani.

Lori lilipofika lilikuwa limejaa hadi juu, na bado vijana wawili walikuwa wakibeba paneli moja kama godoro. Mzigo wa aina hii hujaza lori kabla ya kulilemea, yaani unalipia kusafirisha hewa. Nilikuwa darasani siku hiyo, na mume wangu alisaini karatasi ya mapokezi kabla ya kuhesabu. Jioni tulihesabu pamoja tukikuta paneli nne za ukuta wa nyuma hazipo. Muuzaji alikiri kosa, lakini paneli nne hazitumiwi lori peke yake, tukangoja wiki tatu hadi alipopata mteja mwingine wa upande huu. Kundi la mafundi wa kupiga zege, ambalo tulikuwa tumelilipia nauli, liliondoka na kurudi kwa nauli nyingine. Jiwe likipungua Kiamunyi, tulikuwa tukipiga simu asubuhi na kulipokea mchana.

Siku za kusimamisha kuta zilikuwa za furaha. Mama mkwe wangu alikuja kukaa kivulini akitazama. Kwa majuma kadhaa alikuwa amekataa kuiita nyumba, aliiita godoro. Alipoona nyavu zikifungwa kwenye vyuma, na mafundi wakianza kurusha zege nje na ndani, aliinuka, akaushika ukuta mbichi, akaniambia, “Mwanangu, mbona hii ni kukandika tu? Sisi tulisuka fito, tukajaza udongo ndani na nje. Nyie mmesuka waya.” Sijapata kusikia maelezo bora ya paneli kutoka kwa muuzaji yeyote. Nyumba za fito ambamo alizaa watoto wake zilisimama kwa kanuni hiyohiyo: kitu chepesi kinachovutika katikati, kitu kigumu pande mbili. Tangu siku ile yeye ndiye anayewaeleza wageni wanaougonga ukuta kwa vidole ili wasikie kama ni mtupu.

Kukandika huko, hata hivyo, kunataka mikono inayojua, na hapo ndipo tulipojikwaa. Mafundi waliokuja na mashine walikuwa hodari lakini wachache, na walikuwa na kazi nyingine mbele. Jumamosi moja walimaliza tabaka la pili la ukuta wa magharibi saa sita mchana, jua likiwa kali, wakaondoka. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ataumwagia maji. Haukumwagiwa hadi Jumatatu. Zege jembamba kiasi kile, kwenye joto la Kisumu, hukauka kabla ya kukomaa, na ukuta mzima ulitoka nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Mhandisi alizikagua akasema hazigusi uimara wa nyumba, ila tulilazimika kuzikwangua na kuzijaza kabla ya rangi ili maji yasifikie waya. Kuta zilizobaki nilizimwagilia mwenyewe asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku saba, kisha mara moja kwa siku hadi mwisho wa mwezi, kwa maana zege huendelea kupata nguvu kwa muda mrefu na hesabu za wahandisi huitazama siku ya 28. Kiamunyi mawe yalinisamehe uzembe mwingi wa namna hii.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Jumla yetu ilikaribia ile ambayo mhandisi alikuwa amekadiria kwa mawe. Matangazo hulinganisha ukuta kwa ukuta, wakati ukuta ni sehemu moja tu ya nyumba, na msingi, paa, madirisha, mabomba, nyaya na rangi hulipwa vilevile kwa nyumba zote mbili. Tulichookoa kwa kweli kilikuwa miezi ya kodi, ujira wa vibarua, na saruji ambayo huko Kiamunyi ilipungua stoo kila nilipogeuka.

Kuishi ndani yake kumetufundisha mengine. Miezi ya kwanza hatukuwa na dari, na saa nane mchana nyumba ilikuwa moto kama ile ya Migosi, kwa sababu joto lilikuwa likishuka kutoka kwenye mabati wala si kutoka kwenye kuta. Tulipoweka dari na kuacha matundu ya hewa chini ya paa, ndipo paneli zilipoonyesha kazi yake. Sasa tunalala bila feni miezi mingi ya mwaka. Simu hushika vizuri zaidi karibu na dirisha, nadhani kwa sababu ya zile nyavu. Kabati nzito za jikoni haziwezi kutundikwa popote, zinataka boliti zinazopenya hadi upande wa pili, na tulishukuru kwamba tulikuwa tumeshurutishwa kuamua mahali pake mapema. Kijana wangu alipotaka mlango wa pembeni, fundi wa mtaani alikataa kazi hiyo, na tulimtafuta mwenye mashine ya kukata chuma kutoka mjini. Jiko la nje tunalojenga sasa ni la matofali ya saruji, kwa kuwa hakuna atakayeniletea paneli kumi kutoka upande wa Nairobi kwa bei ya akili. Tumezungushia nyumba ukanda wa zege wa upana wa mita moja, na kila masika hukagua kama mifereji ya paa inapeleka maji mbali na msingi. Miaka minne sasa, madirisha yote yanafunguka.

Mwaka huu wifi yangu amenunua kiwanja Riat, juu kilimani, na alikuja na picha za nyumba ya paneli kwenye simu yake akiwa amekwisha kuamua. Nilimwuliza fedha anazipataje, akasema kidogokidogo, kutokana na duka lake la nafaka. Nilimwuliza chini ya kiwanja kuna nini, akasema hajui. Nilimwomba achimbe shimo kwanza. Wiki iliyopita alinipigia simu kutoka kilimani, vibarua wakisikika nyuma yake, akaniambia kwamba hata mita moja hawajafika, na sululu imegonga mwamba.